Kadi za grafiki kwa kompyuta za ofisi zilizotumika: tuangalie kwanza waya, hewa na nafasi

#1 · Mleta uzi

Wakuu, heri ya siku.

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu kadi za grafiki ni lile la "ipi ina nguvu zaidi kwa pesa niliyo nayo?" Kwa mtu anayejenga kompyuta mpya kuanzia kasha tupu, ni swali halali. Lakini wengi wetu tunanunua Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, kisha zikashushwa Kariakoo au Luthuli Avenue, na kwa kompyuta za namna hiyo nguvu ya kadi ndiyo inayopaswa kuulizwa mwisho. Zilitengenezwa kwa ajili ya majedwali na barua pepe. Pawasaplai yake (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ndogo, kasha mara nyingi ni jembamba, na hewa inayopita ndani ilipigiwa hesabu ya prosesa peke yake. Kadi yoyote utakayoileta itabidi kwanza ijibiwe maswali matatu: umeme itaupata wapi, joto litatokea wapi, na yenyewe itakaa wapi.

Katika uzi huu nitalinganisha kadi zinazopatikana sokoni kwetu kwa mambo hayo matatu tu. Wanaotaka takwimu za fremu kwa sekunde watazipata kwingine kwa wingi.

Umeme

Sloti ndefu ya PCIe katika ubao mama, yaani tundu inamochomekwa kadi, inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75, na sehemu kubwa ya wati hizo, kama 66, hupita katika njia ya volti 12. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo ni lazima iletewe waya kutoka pawasaplai. Konekta ya pini 6 imewekewa kiwango cha wati 75, na ya pini 8 kiwango cha wati 150. Wengi hudhani kwamba zile pini mbili za nyongeza ndizo zinazoleta umeme zaidi, na sivyo ilivyo. Njia za volti 12 katika konekta ya pini 8 ni tatu tu. Pini mbili zilizoongezwa ni moja ya kurudisha mkondo na nyingine ya kuijulisha kadi kwamba imechomekewa waya wa daraja la juu. Kwa hiyo adapta ya kugeuza pini 6 moja kuwa pini 8 haiongezi umeme wowote, bali inaiambia kadi kwamba ina ruhusa ya kuvuta wati 150 mahali palipoandaliwa wati 75.

Pawasaplai za kompyuta nyembamba za ofisi hazina konekta hata moja ya aina hizo. OptiPlex 9020 nyembamba ina pawasaplai ya wati 255, na 7010 nyembamba ina ya wati 240. Isitoshe, 9020 hutumia plagi ya ubao mama ya pini 8 ambayo si ile ya kawaida ya pini 24, na umbo la pawasaplai yenyewe ni la kipekee, kiasi kwamba huwezi kununua pawasaplai ya kawaida dukani ukaipachika pale pale. Ndiyo maana uchaguzi kwa kompyuta hizi huanzia kwenye kadi zinazoishi kwa umeme wa sloti peke yake.

Kadi hizo si nyingi (majina ya GTX na RTX ni ya kampuni ya NVIDIA, na ya RX ni ya AMD). GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote zikiwa na GB 4 za kumbukumbu, zina kiwango cha wati 75. RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, hutumia wati 70. Kwa upande wa kadi za wachora ramani na wahandisi, ambazo watu huzipita sokoni bila kuziangalia, iko T1000 ya wati 50 na RTX A2000 ya wati 70, hii ya pili ikitolewa kwa GB 6 na kwa GB 12.

Hapa pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba GTX 1050 Ti na GTX 1650 zilitengenezwa na kampuni nyingi, na baadhi ya matoleo yaliyoongezwa kasi kiwandani yana konekta ya pini 6 ukingoni. Jina ni lile lile na boksi linafanana, lakini kadi ya namna hiyo ukiichomeka bila waya wake haitafanya kazi. Mtego wa pili ni wa RTX 3050. Ile ya GB 8 hutumia wati 130 na inataka waya, na ile ya GB 6 hutumia wati 70 na haitaki. Tofauti haiishii kwenye kumbukumbu, kwani ya GB 6 ina viini (vitengo vya kukokotoa) 2,304 na njia ya kumbukumbu ya biti 96, wakati ya GB 8 ina viini 2,560 na njia ya biti 128. Muuzaji anayekuambia "ni 3050 tu, zote sawa" hajui anachokiuza, au anakijua vizuri.

Sasa niseme juu ya ile adapta ya SATA, kwa sababu hilo ndilo linalounguza mali za watu. Pawasaplai ikikosa waya wa kadi, fundi huchukua kiwaya kinachoanzia kwenye plagi ya umeme ya diski na kuishia kwenye pini 6 au pini 8, akachomeka, kompyuta ikawaka, mteja akaondoka akiwa ameridhika. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiwa imekadiriwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Kuitegemea ibebe wati 150 ni kulifunga tela la lori kwa kamba ya mbuzi. Niliwahi kuletewa moja ambayo plastiki yake nyeusi ilikuwa imelegea na kukunjamana upande wa pini za volti 12, upande wa pili ukiwa bado mzima kabisa. Pini zenyewe zilikuwa zimebadilika rangi zikawa za kahawia yenye ubuluu, na plagi ilikuwa imeshikamana na tundu lake kiasi kwamba ilibidi ikatwe. Mteja alikuwa akilalamikia harufu, wala si kuzimika kwa kompyuta. Mwungano wa aina hiyo huweza kuendelea kufanya kazi huku ukiungua, na hapo ndipo hatari ilipo.

Jambo jingine la waya: plagi ya pini 8 ya prosesa si plagi ya pini 8 ya kadi. Mpangilio wa volti 12 na wa ardhi umegeuzwa, na ndiyo sababu umbo la matundu yake ni tofauti. Ikikataa kuingia, usiichonge kwa kisu.

Joto

Kadi zinatofautiana kwa namna mbili kubwa. Zipo zenye feni moja iliyofungiwa ndani ya ganda, inayovuta hewa na kuisukuma katika hitisinki (chuma cha kupozea chipu) hadi itoke nje kupitia matundu ya bamba la nyuma. Zipo zenye feni za wazi, moja, mbili au tatu, zinazopuliza hewa juu ya hitisinki na kuiacha isambae humo humo ndani ya kasha, kwa kutegemea kwamba feni za kasha zitaitoa. Katika kasha kubwa lenye feni za mbele na za nyuma, aina ya pili hupoza vizuri zaidi na kwa kelele ndogo zaidi, ndiyo maana karibu kadi zote za michezo siku hizi ni za aina hiyo. Katika kasha jembamba la ofisi, lenye feni moja tu iliyofunikwa kwa kava ili ipoze prosesa, mambo hugeuka. Joto la kadi hukaa ndani, kadi hulivuta tena, na prosesa na diski nazo hupata mgao wao.

Ndiyo maana mimi huthamini sana wati chache kuliko feni nyingi. RX 6400 inamwaga wati 22 pungufu ya GTX 1650, na ndani ya kasha la ujazo mdogo tofauti hiyo husikika kwa sikio. Baadhi ya matoleo yake, kama lile la Sapphire Pulse, hukaa katika sloti moja tu. RTX A2000 nayo hupitisha sehemu ya hewa yake nje kwa matundu ya bamba la nyuma, jambo linaloifaa kompyuta ya aina hii. Kwa upande mwingine, Gigabyte hutengeneza RTX 3050 ya GB 6 yenye kimo kifupi ikiwa na feni tatu ndogo. Tatu hizo zisikutishe wala zisikuvutie. Feni ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi ili isukume hewa sawa na feni kubwa, na mlio wake ni mwembamba na wenye kuudhi. Kadi yenyewe ni nzuri. Idadi ya feni tu ndiyo isichukuliwe kuwa kipimo.

Tukumbuke pia mahali tulipo. Majaribio mengi ya mtandaoni hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 na ushee. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, mwezi wa Januari na Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana. Kadi haiwezi kupoa kuliko hewa inayoivuta. Chumba kikipanda nyuzi 10, tarajia kadi nayo ipande kwa karibu kiasi hicho hicho feni zikiwa katika kasi ile ile. Pwani kuna na chumvi ya hewani, inayochafua pini za shaba na kuongeza ukinzani mahali plagi inapogusana. Kadi ya mtumba ukiichunguza, usiishie kwenye vumbi la feni, bali uangalie pia pini za ukingo na za konekta kama zina ukijani. Pesti iliyokaa kati ya chipu na hitisinki kwa miaka mingi huwa imekauka ikawa kama chokaa, na kuibadilisha ni kazi ya bei ndogo inayolipa.

Nafasi

Vipimo vya kuangalia ni vitatu: urefu, kimo na unene. Kadi ya kimo kamili ina kimo cha karibu mm 111 kuanzia ukingo wake wa chini, na matoleo mengi ya michezo huvuka hapo. Kadi ya kimo kifupi haizidi mm 69. Kasha jembamba la OptiPlex, EliteDesk au ThinkCentre hukubali kimo kifupi peke yake, na bamba la nyuma la chuma nalo ni lazima liwe fupi. Matoleo mengi ya kimo kifupi huja na mabamba mawili ndani ya boksi. Ukinunua kadi iliyotumika, bamba fupi mara nyingi limepotea, na kulitafuta peke yake ni usumbufu. Uliza mapema.

Unene huhesabiwa kwa sloti, na sloti moja ni mm 20.32. Katika baadhi ya makasha membamba sloti ndefu iko ubavuni kabisa mwa pawasaplai, hivyo kadi ya sloti mbili haina pa kuelekeza mgongo wake. Fungua kasha, weka rula kuanzia katikati ya sloti hadi kwenye kizuizi cha kwanza upande wa feni, kisha uandike namba hiyo kabla ya kwenda sokoni. Hata ikiingia kwa kubana, feni inahitaji uwazi wa kuvuta hewa. Ikigusana na ukuta wa chuma imekosa kazi.

Kwa kimo kirefu kuna jambo linalosahaulika: konekta ya waya ikiwa ukingoni kwa juu, plagi na mkunjo wa waya huongeza kimo ambacho mtengenezaji hakukiandika. Kifuniko cha kasha hakitafunga, au kitafunga kwa kuukandamiza waya, na hilo la pili ni baya zaidi.

Karibuni kwa maswali.

#2 · Mchangiaji, Morogoro

Shukrani mkuu kwa uzi wenye faida. Mimi ninayo OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i5-4590. Kuna jamaa anauza RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kutupa. Kasha langu si jembamba, kadi ndefu inaingia. Je, nichukue?

#3 · Mleta uzi

Mkuu, nafasi unayo, ila umeme huna. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawasaplai ya wati 290. RX 580 inatumia wati 185 na inataka konekta ya pini 8 ambayo pawasaplai yako haina. Prosesa yako imekadiriwa wati 84. Jumlisha hizo mbili upate 269. Zinabaki wati 21 kwa ubao mama, kumbukumbu, diski, feni na kila kitu kilichochomekwa USB. Hiyo ni kabla hatujazungumzia mivuto ya ghafla, ambapo kadi hupandisha matumizi kwa kipande kidogo sana cha sekunde kisha ikashuka.

Kuhusu bei ya kutupa, angalia pia ni RX 580 ipi. Lipo toleo liitwalo 2048SP lililouzwa sana kutoka China, ambalo kwa idadi ya viini ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Nalo pia lina njaa ya umeme.

Kwa kasha lako, GTX 1650 isiyo na konekta au RTX 3050 ya GB 6 ya kimo kamili, yenye feni kubwa badala ya zile ndogo za kimo kifupi, itakaa kwa utulivu. Ukiwa na kasha la mnara usilipie toleo la kimo kifupi, maana utapata kelele zaidi bila faida.

#4 · Mchangiaji, Nairobi

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Nina HP Z420, si kompyuta ya ofisi ya kawaida. Pawasaplai yake ni ya wati 600 na nimeona nyaya mbili za pini 6 zikining'inia. Ninafikiria RX 6600 au RTX 3060. Je, kuziunganisha nyaya hizo mbili kuwa pini 8 moja ni kosa lile lile ulilolikemea?

#5 · Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, hilo ni jambo jingine, na umefanya vyema kuliuliza. Adapta inayochukua pini 6 mbili na kutoa pini 8 moja inaheshimu hesabu: 75 na 75 ni 150. Sharti ni kwamba nyaya zote mbili zichomekwe. Wapo wanaochomeka moja na kuiacha ya pili kwa kuwa kompyuta imewaka.

RX 6600 hutumia wati 132 na RTX 3060 wati 170, na kwa kawaida kila moja ina konekta moja ya pini 8. Ukijumlisha wati 75 za sloti, zote mbili zinapata umeme wa kutosha katika Z420. Zikilinganishwa kwa mambo yetu matatu, ninaipendelea RX 6600, kwa kuwa wati 38 pungufu ndani ya kasha ambalo mpangilio wake wa hewa huwezi kuubadilisha sana ni faida ya kila siku. RTX 3060 ina GB 12 za kumbukumbu dhidi ya GB 8, na kama kazi yako inazihitaji, hilo huondoa ubishi wote. Kwa nafasi, RTX 3060 ina matoleo mafupi sana; ile ya ASUS Phoenix yenye feni moja ina urefu wa mm 177 tu.

Nyongeza ndogo kwa wa Nairobi: mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko pwani. Feni ile ile kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu. Bahati yenu ni kwamba vyumba vyenu vina ubaridi unaofidia hasara hiyo.

#6 · Mchangiaji, Arusha

Mkuu, umezungumzia kadi ndogo tu. Mbona konekta mpya ya pini 16 inaunguza kadi za bei ya mamilioni? Kama RTX 4090 na 5090 zinaungua na wenye nazo wananunua pawasaplai za kifahari, basi tatizo si adapta za bei rahisi peke yake. Naomba ufafanuzi.

#7 · Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki, nami nitaijibu kwa hesabu kabla ya historia.

Chukua konekta ya pini 8. Wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12.5. Zigawe kwa pini tatu za volti 12, kila pini inabeba kama ampea 4.2, wakati pini za aina hiyo huweza kubeba karibu ampea 8. Akiba ni karibu mara mbili. Sasa chukua konekta ya pini 16, iliyoingia sokoni mwaka 2022. Ina pini 12 za umeme, sita za kuleta na sita za kurudisha, pamoja na nne ndogo za mawasiliano. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, na kila pini ya kuleta inabeba ampea 8.3. Kiwango cha pini hizo ni ampea 9.5. Akiba iliyobaki ni kama asilimia 14. Pini zenyewe zimesogezwa karibu zaidi, mm 3 kutoka moja hadi nyingine badala ya mm 4.2. Na joto linalozalishwa mahali pini zinapogusana hukua kwa mraba wa mkondo, maana yake mkondo ukiwa maradufu joto huwa mara nne.

RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 ikiwa na kiwango cha wati 450, na kabla mwezi huo haujaisha picha za plagi zilizoyeyuka zilikuwa zimesambaa. Novemba, NVIDIA ilisema ilikuwa na taarifa za takriban kesi 50 duniani, na kwamba tatizo lililojirudia ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 konekta ilirekebishwa ikapewa jina la 12V-2x6. Pini nne za mawasiliano zilifupishwa ili plagi isipoingia kikamilifu kadi ikose ruhusa ya kuvuta umeme, na pini za umeme zikarefushwa kidogo. Ni marekebisho mazuri. Hata hivyo hayagusi kiini cha jambo, nami hapo ninakubaliana nawe.

Kiini ni mgawanyo. Katika RTX 3090 Ti, pini sita za volti 12 ziligawanywa katika makundi matatu, na kadi iliweza kuusimamia mkondo wa kila kundi. Katika RTX 4090 njia zote sita huunganishwa pamoja mara tu zinapoingia kwenye kadi, na RTX 5090, ya Januari 2025 yenye kiwango cha wati 575, imefuata njia hiyo. Pini mbili zikigusa vibaya, nne zilizobaki hubeba mzigo wote na kadi haina namna ya kujua. Februari 2025, Mjerumani anayejulikana kama der8auer alipima nyaya za RTX 5090 yake na kukuta waya mmoja ukipitisha zaidi ya ampea 20. Rudi kwenye ile ampea 9.5 uone umbali uliopo. Pawasaplai iwe ya kifahari kiasi gani, haina uwezo wa kuugawa upya mkondo huo.

Linganisha na washindani. RX 7900 XTX ya AMD, yenye wati 355, ilitoka Desemba 2022 na konekta mbili za kawaida za pini 8. Haikuyeyusha plagi, ila iliponzwa na jambo la pili katika orodha yetu: sehemu ya kadi za toleo la AMD lenyewe zilikuwa na chemba ya mvuke yenye maji pungufu, na nukta ya joto kali ndani ya chipu ikafika nyuzi 110. RX 9070 XT ya Machi 2025, yenye wati 304, kwa matoleo mengi imebaki na pini 8 mbili au tatu, ingawa Sapphire Nitro+ imehamia kwenye pini 16. Intel Arc B580 ya wati 190 inatumia pini 8 moja. Kwa mtu wa hapa kwetu, ambaye kupata waya mbadala ulio halisi si jambo la kwenda dukani na kurudi, konekta ya kizamani ina thamani isiyoandikwa kwenye boksi.

Kwa nafasi, ROG Strix ya RTX 4090 ina urefu wa mm 357 na ushee na unene wa mm 70. RTX 4090 ya NVIDIA yenyewe ni mm 304 kwa sloti tatu, na RTX 5090 yao ina urefu ule ule kwa sloti mbili tu. Wembamba huo ni kazi ya uhandisi ya kusifiwa, kwa kuwa feni zote mbili hupitisha hewa moja kwa moja hadi upande wa pili. Lakini wati 575 hazijapotea. Zimepulizwa kuelekea kwenye kipoza prosesa, na kasha lisilo na mkondo mzuri wa hewa litalipia. Waya wa pini 16 nao usiukunje ndani ya mm 35 za kwanza kutoka kwenye plagi, jambo ambalo makasha mengi hayaruhusu bila kifuniko kusukuma.

#8 · Mchangiaji, Dodoma

Nimeelimika, mkuu. Mimi ninahariri video za harusi kwa EliteDesk 800 G1 nyembamba. Nimepima kama ulivyoelekeza na sloti mbili zinatosha. Ninachagua kati ya RX 6400, RTX 3050 ya GB 6 ya kimo kifupi, na RTX A2000 iliyotumika. Pia nimeona RTX 4060 ya kimo kifupi, nikatamani.

#9 · Mleta uzi

Mkuu, RTX 4060 ya kimo kifupi ipo kweli, Gigabyte wanaitengeneza ikiwa na urefu wa mm 182 na kimo cha mm 69, na kwa kimo na unene ingeingia katika kasha lako. Inatumia wati 115 na inataka pini 8. Pawasaplai yako ya wati 240 haina konekta hiyo, na tumeshaona njia ya mkato ya SATA inakoishia. Iache.

RX 6400 ndiyo yenye joto dogo kuliko zote, lakini kwa kazi yako haifai, kwa kuwa chipu yake haina sehemu ya kusimba video, hivyo kutoa faili la mwisho kutaiangukia prosesa. Vilevile inatumia njia 4 tu za PCIe, na ubao wako wa PCIe 3.0 unazipa nusu ya kasi ambayo kadi hiyo ilikusudiwa.

Zinabaki mbili, zote za wati 70, zote zisizohitaji waya. RTX A2000 ina viini 3,328 dhidi ya 2,304, ina urefu wa mm 167 hivi, na sehemu ya joto lake hutoka nje ya kasha. RTX 3050 unaweza kuipata mpya, ikiwa na dhamana na bamba fupi ndani ya boksi. Kama bei zinakaribiana na A2000 inatoka kwa muuzaji anayekuruhusu kuijaribu, mimi ningechukua A2000, nikabadilisha pesti siku hiyo hiyo. Ila fahamu kwamba matundu yake ya picha yote manne ni DisplayPort ndogo, haina HDMI, kwa hiyo utahitaji adapta kwa ajili ya skrini yako. Mwombe muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: ya bamba la nyuma ili uone kama ni fupi, ya pini za ukingo, na ya feni ikiwa imewashwa.